Hakuna Aliyemuuliza Bibi Somoe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sofia alikuwa na kazi tatu za kumaliza: kufagia uwanja, kujaza ndoo za maji, na kumtia bibi yake dawa ya macho. Mbili za kwanza alizifanya huku akinung'unika. Ile ya tatu aliifanya vizuri, kwa sababu ilikuwa kazi ya kukaa.

Bibi Somoe alikuwa akijilaza kwenye mkeka, kichwa juu ya mapaja ya mjukuu wake, na kutulia. Sofia alidondosha tone moja jicho la kulia, tone moja jicho la kushoto. Bibi alifumba macho kwa muda, kama alivyoelekezwa hospitali, kisha akayafumbua na kumtazama msichana yule usoni.

"Nakuona, ntoto," alisema. Hakukosa kusema hivyo hata siku moja.

Bibi alizaliwa Matambarale, upande wa Ruangwa, na lugha ya moyo wake ilikuwa Kimwera. Kiswahili alikijua ukubwani, kwa hiyo mtoto kwake alikuwa ntoto na mtu alikuwa ntu, kama wasemavyo wazee wengi wa kwao. Babu alipofariki, na Bibi akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango, mwanawe Bashiri alikwenda kumchukua akamleta kwake Nachingwea mjini. Hospitali walimpima wakasema ana presha ya macho.

"Ugonjwa huu ni mwizi mpole," muuguzi wa kliniki aliwaambia. "Hauumi wala hauwashi. Unaiba nuru ya macho kuanzia pembeni, kidogo kidogo, na ikishaibwa hairudi. Dawa hii haimfukuzi mwizi, inamfungia mlango tu. Asubuhi na jioni, msiache."

Sofia alikuwa amesimama pale pale na alisikia kila neno. Hilo tulikumbuke, maana baadaye alijaribu sana kulisahau.

Muuguzi huyo alikuwa jirani yao, mtumishi aliyehamishiwa Nachingwea kutoka Upareni. Watu walimwita Mama Elineema, kwa jina la binti yake, na Elineema alikuwa rafiki wa Sofia wa darasa la sita. Elineema alikuwa na chumba chake peke yake, chenye meza ya kusomea na pazia la maua. Sofia alikuwa na nusu ya kitanda. Nusu nyingine ilikuwa ya Bibi, na Bibi alikoroma.

Sasa tumgeukie baba. Fundi Bashiri alitengeneza redio katika kibanda karibu na soko. Mchana kutwa redio zilizungumza mbele yake, na usiku alirudi nyumbani akafungua nyingine. Mwaka ule, 2005, ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na redio zilijaa kura za maoni: asilimia kadhaa ya waliohojiwa wamesema hivi, asilimia kadhaa wamesema vile, na wachache hawana maoni. Fundi Bashiri alizisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ndugu zake. Kisha alitikisa kichwa na kusema neno lake la siku zote: "Wengi wape."

Mtu anayeamini hivyo ni rahisi kumwongoza, mradi ujue pa kumshika. Sofia alipajua siku aliyoomba kwenda kwa Elineema kutazama televisheni, baba akakataa bila hata kugeuza kichwa. Msichana akatafakari kidogo, halafu akakaza sauti kama mtangazaji.

"Baba, nimewahoji wanafunzi ishirini wa darasa letu. Kumi na saba wamesema wazazi wao huwaruhusu kutazama televisheni siku ya Jumamosi. Wawili wamekataliwa. Mmoja hana maoni."

Ukweli ni kwamba hakumhoji mtu yeyote. Lakini baba alipunguza sauti ya redio, jambo ambalo mama yake Sofia alikuwa hajapata kuliona tangu waoane.

"Kumi na saba?" aliuliza.

"Kati ya ishirini, Baba."

"Basi nenda. Wengi wape."

Tangu siku hiyo Sofia akawa na kituo chake cha utangazaji. Wasichana wengi wa mtaani walisuka nywele mitindo mipya kwa ajili ya Idi, naye akasukwa. Familia nyingi ziliacha mihogo zikala maandazi asubuhi, nao wakala maandazi. Yule asiye na maoni hakukosekana hata mara moja, kwa maana Sofia aligundua kuwa ndiye anayeufanya uongo uonekane kweli. Mama alicheka akasema, "Mwanao huyu, Baba Sofia, ni redio isiyotumia betri." Baba naye akaanza kuuliza mwenyewe: "Sofia, watu wanasemaje huko nje?" Na mtoto akamwambia watu wanasemaje, huku watu wenyewe wakiendelea na shughuli zao.

Hayo yote yalikuwa mambo ya kuchekesha. Kicheko kiliisha siku Bibi alipokwenda shuleni.

Sofia aliondoka asubuhi ile bila kula. Bibi alichoma viazi vitamu, akavifunga katika ncha ya khanga, akatembea taratibu hadi shuleni, mkono mmoja mbele yake ukipapasa hewa. Alifika wakati wa mapumziko. Uwanja mzima ulikuwa umejaa watoto na yeye hakuweza kumtambua wake, kwa hiyo akasimama katikati akaita kwa sauti aliyozoea kuitia ng'ambo ya mashamba: "Ntoto! Ntoto Sofia! Njoo ule!"

Watoto walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akaigiza mkono ule unaopapasa. Mwingine akaita, "Ntoto Sofia, njoo ule." Sofia alimwona Elineema naye akicheka, akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Hilo lilimchoma kuliko yote. Alivichukua viazi bila kusema asante, akamgeuza Bibi kwa mabega akamwelekeza njia ya nyumbani.

Jioni baba alikuwa amekaa uwanjani na redio yake. Sofia alikuja akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Baba, nimewahoji watu wazima kumi wa mtaa wetu," alianza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu Bibi."

Baba akapunguza sauti. "Wanasemaje kuhusu Bibi?"

"Wanane wamesema kwa desturi ya Wamwera mama mzee hukaa upande wa kike, na binti zake au na ukoo wake. Wamesema kukaa kwa mkwe ni aibu, na kwamba anazeeka upesi kwa kukosa shamba lake na watu wa kuzungumza nao. Wawili hawana maoni."

"Ni akina nani hao?"

Sofia alikuwa amejiandaa. Alimtaja Mzee Bernardo muuza kahawa, akamtaja Mama Elineema, akataja na wengine, kila mtu kwa jina lake. Jambo lenyewe lilikuwa na ukweli ndani yake, na uongo uliofungwa ndani ya ukweli kidogo ndio unaomezeka. Kweli mama mzee wa Kimwera huzeekea kwa binti yake. Ila Bibi Somoe hakuwa na binti aliye hai. Alikuwa na Bashiri tu, na kule Matambarale binti wa marehemu dada yake, aitwaye Zulfa.

"Hata muuguzi amesema hivyo?" baba aliuliza. "Na dawa je?"

"Amesema dawa mtu anaweza kutiwa popote," alijibu Sofia. Sauti haikutetereka.

Usiku baba alimuuliza mama. Sofia alisikia yote kupitia ukuta.

"Mimi ni mkwe," alisema mama. "Nikisema abaki, nitaambiwa najipendekeza. Nikisema aende, nitaambiwa nimemfukuza. Usiniulize mimi, Baba Sofia. Muulize mwenyewe."

"Nimuulizeje? Mtoto amuulize mama yake, unataka kubaki au kuondoka? Huko si ndiko kumfukuza?"

Basi hakumuuliza. Kwa heshima yake yote na mapenzi yake yote, Fundi Bashiri alimwamulia mama yake bila kumuuliza, kisha akamtafutia sababu nzuri. Alimwambia kwamba msimu wa ufuta umefika, Zulfa anahitaji mtu mzima wa kumwangalizia nyumba, na hewa ya kwao itamfaa.

Bibi Somoe alimsikiliza mpaka mwisho. "Kama umeona hivyo, mwanangu," alisema, akaanza kukunja khanga zake.

Asubuhi ya safari Sofia alimtia dawa kama kawaida. Bibi alifumba macho, akafumbua.

"Nakuona, ntoto," alisema. Halafu akaongeza, "Na wewe, umesemaje juu ya safari yangu?"

Sofia aliinama akafunga kifuniko cha chupa, akakifunga tena ingawa kilikwisha kukaza. "Ni sawa tu, Bibi," alisema.

Basi la Ruangwa lilimchukua Bibi pamoja na baba. Siku ya pili baba alirudi peke yake, akasema amempa Zulfa maelekezo yote, na kwamba dawa nyingine ataipeleka hii itakapokaribia kwisha. Sofia alilala usiku ule katikati ya kitanda, miguu ameitawanya atakavyo. Alichelewa kupata usingizi. Hakujua kwa nini chumba kisicho na mkoromo kilikuwa na kelele kiasi kile.

Wiki zikapita. Elineema alianza kuja kusoma naye jioni, na Sofia akaweka pazia la maua lililoshonwa na mama yake. Asubuhi, akishamaliza kufagia na kuteka maji, mikono yake ilibaki na muda mtupu ambao hakujua aufanyie nini. Baba alikuwa na kazi nyingi, kwani uchaguzi ulikaribia na kila mwenye redio mbovu aliitaka izungumze. Dawa ya pili alimpa msafiri mmoja aliyekuwa akielekea Ruangwa. Hakupata habari kama ilifika, naye hakufuatilia.

Ilikuwa Oktoba, korosho zimeanza kudondoka, Mama Elineema alipokuja kibandani na redio yake chini ya kwapa.

"Fundi, nimekuletea mgonjwa," alisema. "Na wewe niletee wangu. Elineema aliniambia amekwenda kusalimia kwao, lakini mbona Bibi Somoe haonekani kliniki miezi hii yote?"

"Si nilimrudisha Matambarale, dada. Nilifuata ushauri wenu."

"Ushauri wa nani?"

"Wenu. Wewe, Mzee Bernardo na wengine. Mlivyomwambia Sofia."

Mama Elineema aliweka redio chini. "Fundi, mimi sijaulizwa na Sofia wala na mtu mwingine. Ningeulizwa ningelala mlangoni kwako, mama yule asiondoke. Nani anamtia dawa?"

Fundi Bashiri aliinuka. Alivuka barabara akaenda alikokaa Mzee Bernardo na birika lake la kahawa. Mzee huyo alikuwa mtu wa utani, lakini alipomwona uso hakutania. "Sijaulizwa, Bashiri," alisema. "Na mimi nina maoni mengi, mwenyewe wajua. Ningeulizwa ningekumbuka."

Jioni ile baba alirudi mapema. Redio ya nyumbani ilikuwa ikizungumza juu ya meza, aliizima. Mama alitoka jikoni kuangalia kuna nini, maana ukimya ule haukuwa wa nyumba yao.

"Sofia," baba alisema, "wale watu kumi. Nitajie mmoja tu uliyemuuliza."

Sofia alifungua kinywa. Majina yote yalikuwepo, tayari, yamepangana. Akamtazama baba yake, na hakuna hata moja lililotoka.

"Mmoja tu, mwanangu," baba alirudia, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Hakuna, Baba," alisema Sofia, akaanza kulia.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini kwa Sofia ilikuwa na urefu wa kutosha kumfikisha mahali pa kutisha. Alingoja kupigwa. Alitamani apigwe. Baba alikaa tu kwenye kigoda, mikono imening'inia, akitazama redio iliyozimwa. Baadaye alisema, "Kesho tunakwenda Matambarale. Wewe na mimi."

Waliondoka kwa basi la asubuhi. Kutoka Ruangwa mjini walipanda baiskeli ya kuazima, Sofia nyuma ameshika kiti, mikorosho ikiwapita huku na huku. Watu walikuwa chini ya miti wakiokota, na nyumba nyingi zilikuwa tupu. Ya Zulfa nayo ilikuwa tupu, isipokuwa kizingitini, ambapo Bibi Somoe alikuwa amekaa akichambua kunde kwenye ungo. Alizichambua kwa vidole, uso ameuelekeza mbali, barabarani.

Sofia alitembea mpaka mbele yake akasimama. Bibi hakuugeuza uso.

"Shikamoo, Bibi."

Vidole vilisimama. "Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Sema tena."

"Ni mimi, Bibi. Sofia."

"Ntoto," alisema Bibi Somoe, akanyoosha mkono, na mkono ukaenda pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Sofia aliufuata mkono ule akaingia ndani yake, akapiga magoti. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. Nyuma yake alisikia baiskeli ikianguka, maana baba alikuwa ameiachia.

Zulfa alipoitwa kutoka shambani alieleza huku akijifuta jasho. Chupa ya kwanza iliisha kabla ya wakati, kwa sababu Bibi alijitia mwenyewe na matone mengine yaliishia shavuni; yeye Zulfa alikuwa shambani tangu alfajiri. Chupa ya pili haikufika. "Nilitaka kukutumia habari, kaka," alisema. "Mama alinikataza. Alisema, aliyenirudisha usimsumbue."

Fundi Bashiri aliposikia hivyo aligeukia ukuta. Sofia hakuwahi kumwona baba yake akilia, na hakuona hata siku ile, ila aliyaona mabega yake.

Alijua basi kwamba ni zamu yake. Hapakuwa na mtu wa kusema badala yake, wala watu kumi wala ishirini.

"Bibi," alisema, "si Baba aliyekurudisha. Ni mimi. Nilimwambia watu wamesema, na sikumuuliza mtu yeyote. Nilitaka chumba. Na nilikuonea aibu siku ile ulipokuja shule na viazi."

Kuku walipita, wakadonoa kunde zilizomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

"Bashiri," Bibi aliita mwishowe.

"Naam, Mama."

"Kumbe hukunichoka."

"Sijawahi kukuchoka, Mama. Wallahi sijawahi."

Bibi alivuta pumzi ndefu, akaitoa. Kwa miezi ile yote alikuwa amebeba uchungu peke yake, kila alipokaa kizingitini akiangalia barabara inayozidi kufifia, akijiuliza alimkosea nini mwanawe. Kisha akashika kichwa cha Sofia kwa mikono miwili.

"Ungeniambia tu, ntoto," alisema. "Ningelala sebuleni."

Basi. Hakusema jambo jingine la kumkaripia, na Sofia angependa sana kama angesema.

Baba alichuchumaa mbele ya mama yake. Alifanya jambo ambalo angelifanya zamani kama asingeliona kuwa ni utovu wa adabu. "Mama," alisema, "nakuuliza wewe mwenyewe. Unataka kukaa wapi?"

"Sasa ndipo mnaniuliza," alisema Bibi Somoe, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka kidogo. "Nataka kukaa alipo ntu wa kunitia dawa."

Walirudi naye siku iliyofuata kwa gari la mizigo ya korosho, Bibi mbele na dereva, baba na Sofia nyuma juu ya magunia. Kesho yake walikuwa hospitali. Mama Elineema alisimama karibu daktari alipompima, na baadaye aliwaita nje, akasema nao bila kuzunguka. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto bado linatambua mwanga, mchana na usiku, kivuli cha mtu mlangoni. Kilichoibwa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa.

"Nilikusikia siku ile ya kwanza, Mama," Sofia alimwambia. "Ulisema msiache. Nilisikia."

"Najua ulisikia," alijibu Mama Elineema, na alimshika bega, lakini hakumwambia kwamba si kitu.

Adhabu ya baba ilikuwa hii: Sofia awaendee watu wote kumi aliowataja, mmoja mmoja, awaambie kwamba alisema uongo kwa kinywa chao, na uongo huo umefanya nini. Alikwenda. Wengine walimkemea, mwingine alifunga mlango. Mzee Bernardo alimkalisha kwenye benchi lake, akamsikiliza, akasema, "Mjukuu wangu, uliniazima ulimi bila kuniomba. Kitu cha kuazima kikivunjika, anayelipa si mwenye nacho." Alipofika kwa Mama Elineema, rafiki yake naye alikuwepo, na akasikia yote. Elineema alilia.

"Mimi sikumcheka bibi yako," alisema. "Bibi yangu wa Same naye huita hivyo hivyo, uwanja mzima, kwa Kipare. Nilimkumbuka, nikacheka."

Jioni ile baba alimwita Sofia uwanjani. Redio ilikuwa ndani, imezimwa. Bibi alikuwa amekaa mkekani karibu yao, uso ameuelekeza upande wa machweo, kwani upande huo aliuona.

"Nimewahi kukuambia wengi wape," alisema baba. "Neno lile si baya. Lakini wewe uliwatunga hao wengi, na mimi nikawapa mama yangu. Umekosa, na mimi nimekosa. Kosa lako ni kutia maneno katika vinywa vya watu. Mwongo hamdanganyi yule anayemsikia tu, humwibia na yule anayemtaja, na anayeumia mara nyingi ni mtu wa tatu ambaye hakuwepo. Kosa langu ni kwamba nilitaka kujua mtaa unasemaje, na mwenye jambo amelala chumba cha pili. Siku nyingine ukitaka kitu, sema: mimi Sofia nataka. Nikikataa, nimekataa. Utalia siku moja. Na mtu akiwa na jambo lake, muulize mwenyewe kwanza, hata kama kumuuliza ni vigumu."

"Nitafanya hivyo, Baba," alisema Sofia.

"Majuto ni mjukuu," Bibi alisema kutoka mkekani, "lakini na mjukuu ni mjukuu. Mwache akapike."

Chumbani, lile pazia la maua lilibaki, na kitanda kikarudi kuwa nusu kwa nusu. Sofia alilala ukingoni kabisa ili Bibi apate nafasi, na mkoromo ulipoanza alitulia akausikiliza mpaka usingizi ukamchukua.

Alfajiri aliamka kabla ya kuitwa. Alifagia uwanja na kujaza ndoo bila kunung'unika, kisha akakaa mkekani, na Bibi akaweka kichwa mapajani mwake. Tone moja jicho la kulia, ingawa daktari alisema la kulia halihitaji tena. Sofia hakuweza kuliruka. Tone moja jicho la kushoto. Bibi alifumba macho kwa muda, akafumbua.

Sofia aliinama juu ya uso ule, karibu sana, akangoja lile neno la siku zote. Macho ya Bibi yalipita juu yake polepole, yakaenda kutua mlangoni, ambapo jua lilikuwa linaanza kuingia.

"Kumekucha, ntoto," alisema Bibi Somoe.

"Ndiyo, Bibi," alisema Sofia, akafunga kifuniko cha chupa. "Kumekucha."